Ramani Iliyosahihishwa Tabora

Imani imeota mizizi kwamba ramani za dunia za karne ya 19 ni kumbukumbu ya Wazungu kuligundua bara letu: palikuwa peupe, wakaja, wakapajaza. Wauzaji wa ramani kongwe husema hivyo, wakusanyaji huwaitikia, nasi tunakubali. Si kweli, na ushahidi uko Tabora.

Itazame ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyochapwa Ujerumani mwaka 1856. Katikati ya bara limelala ziwa moja kubwa mno, limejipinda kama konokono asiye na gamba. Erhardt hakuliona. Alikaa Pwani akiwauliza watu wa misafara. Waliotokea Kilwa walimwambia safari yao huishia ziwani. Waliofika Ujiji vivyo hivyo. Na wa njia ya kaskazini pia. Wote walisema kweli. Aliyeyaunganisha maji yao ni mchoraji.

Novemba 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Speke akaikunjua ramani ile mbele ya mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Snay akaitegua: wamisionari wameyafanya maziwa matatu kuwa moja. Nyasa liko kusini, la Ujiji liko magharibi, Ukerewe liko kaskazini. Wageni wake walikuwa hawajaona hata moja. Agosti 3, 1858 Speke akalitazama lile la kaskazini, pale pale alipoelekezwa, akalipachika jina la malkia wake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Speke alipima latitudo, kazi ambayo Snay hakuifanya. Lakini kupima ulipoelekezwa si kugundua. Ramani hizo huuzwa kwa jina la mchoraji na mchapaji. Snay hatajwi, wala Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa ulimi wa Speke njiani, wala wapagazi wa Kinyamwezi walioijua njia ile kwa nyayo zao.

Anayependa kuzikusanya azikusanye. Ni kazi za mikono zenye uzuri wake. Ila chini ya fremu aandike waliotoa habari. Na pale Kwihara, karibu na Tabora, ambako tembe alilokaa Livingstone limekuwa makumbusho, itundikwe nakala ya ramani ya konokono, ili mtoto wa Tabora aoneshwe kosa la Ulaya lililosahihishwa mjini kwao.