Nani Kasema Utafiti Unasubiri Maabara?

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya kata huku Handeni, mwalimu kijana aliomba nauli ya wanafunzi wake wawili waende Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania (YST). Mjumbe mmoja wa bodi akamkata kauli: "Mwalimu, hayo ni ya shule zenye maabara. Sisi tufaulishe kwanza." Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu akakaa.

Tufaulishe kwanza! Wimbo huo unaimbwa Handeni, unaitikiwa Korogwe. Eti mtoto wa shule ya serikali akariri, ajibu mtihani wa NECTA, na mambo ya kuchunguza awaachie wenye ada za mamilioni.

Anayeamini hivyo apande gari pale Mombo, apite Soni, afike Lushoto, kisha aulize njia ya Magamba. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba wa Kidato cha Tatu alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari na kuyaacha yapoe ndipo yaingie kwenye friza. Mpemba akaona nafasi zinaisha, akayasukumiza ya kwake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha kabisa.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga mjini, watu wasio na shahada hata moja, walikwisha kulijua jambo hilo na kulifanyia biashara. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na "fizikia ya Mpemba" ikawa kichekesho cha darasa. Hakukoma. Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, kijana akasimama na swali lake lilelile huku wenzake wakiguna. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 matokeo yakachapishwa kwa majina yao wawili katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama athari hiyo ni ya kweli au la, lakini wote wanaiita kwa jina la Mpemba.

Sasa mjumbe wetu wa bodi anieleze: maabara ya Mpemba ilikuwa ipi? Sufuria, maziwa, sukari na friza.

Na kwa kuwa maabara zimetajwa, hatujasahau mwaka 2014, tulipokimbizana na agizo la maabara tatu kila shule ya kata. Nilitoa mchango, risiti sijaiona hadi leo. Katika shule anayosoma mwanangu, chumba kimoja kimekuwa stoo ya madawati mabovu na kingine kina kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani uko kwa nani. Kwa hiyo hata hayo majengo mnayoyasubiri, yakija mnayafunga.

Baada ya kikao mzee mmoja alinivuta pembeni kunipa siri: watoto wakizoea kuulizauliza, watakosa adabu. Sawa, mzee wangu. Tuwalee bila swali hata moja, wamalize Kidato cha Nne kwa heshima zote, kisha waende na divisheni ziro zao kukaa kijiweni kwa adabu.

Linaloniuma zaidi ni la Korogwe. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walifanya pale sehemu ya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Yaani mtoto wa Korogwe anafaa kutolewa damu ya utafiti, ila akitaka kuhesabu viluwiluwi vya mbu kwenye dimbwi nyuma ya bweni lake, anaambiwa hana vifaa!

Huku kwetu Handeni tunakunywa maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa, na mbegu za mlonge zinazotuliza tope zinaanguka chini bure. Mbegu ngapi kwa ndoo moja? Zikae saa ngapi? Zile za mwaka jana zinafanya kazi kama mpya? Mwanafunzi mwenye ndoo tatu, saa ya mkononi na daftari anaweza kutujibu ndani ya muhula mmoja, na jibu lake lingemfaa mama yake kuliko pasipepa zote za kambi ya likizo, ambazo nazo tunazilipia.

Maonyesho ya YST yamefanyika tangu mwaka 2012, na washindi wamekuwa wakipata hata ufadhili wa kusoma chuo kikuu. Kinachohitajika kwetu ni nauli, malazi, ubao wa kubandikia kazi, na mwalimu asiyetishwa kwa kuacha pasipepa Ijumaa mchana. Handeni na Korogwe zina halmashauri nne, za wilaya na za miji. Madiwani wapunguze semina moja tu ya posho, fedha hizo ziwe kifungu cha utafiti wa wanafunzi kwenye bajeti ijayo. Diwani wa kata yangu akishindwa hilo, kura yangu asiitafute.