NBA haitaki hedimasta

Jamani, kuna wimbo mmoja nimechoka kuusikia. Kila kocha aliyetamba vyuoni Marekani akienda NBA akachemsha, wachambuzi wanatuimbia uleule: eti mechi 82 ni nyingi mno, eti dakika ni 48 badala ya 40, eti muda wa kushambulia ni sekunde 24 wakati chuoni ni 30. Hivi kweli mtu aliyeishi na mpira wa kikapu maisha yake yote anashindwa na saa?

Mimi nasema hapana. Kinachowashinda ni kukubali kwamba wameacha ufalme na sasa wako kazini kama watu wengine.

Tuanzie chuoni. Huko kocha ndiye anayeamua nani asome bure, nani acheze na nani asugue benchi. Kwa miaka mingi mchezaji hakuwa na mshahara, na akihama chuo kwa kawaida alikaa msimu mzima bila kucheza. Hasheem Thabeet wetu alipita kwenye utaratibu huo alipokuwa Connecticut. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walipomchukua akiwa chaguo la pili, akawa mfanyakazi mwenye mkataba, na chama cha wachezaji nyuma yake. Mtu ni yuleyule, lakini huwezi tena kumfokea kama mtoto wa bweni.

Sasa mtazame Rick Pitino. Alitwaa ubingwa wa vyuo na Kentucky mwaka 1996, mwaka uliofuata akaenda Boston Celtics. Ukocha haukumtosha, akapewa na urais, cheo alichokuwa nacho mkongwe Red Auerbach. Chauncey Billups, kinda aliyemchagua mwenyewe mwaka 1997, akampeleka Toronto kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha. Billups huyohuyo akawa mchezaji bora wa fainali za NBA mwaka 2004 akiwa na Detroit Pistons. Pitino alibwaga manyanga Januari 2001, ameshinda mechi 102 na kupoteza 146. Hapo saa ina kosa gani?

Akaja John Beilein, aliyeifikisha Michigan fainali za vyuo mwaka 2013 na 2018. Cleveland Cavaliers walimpa timu mwaka 2019 akiwa na miaka 66. Januari 2020, kwenye kikao cha kutazama video, akatamka neno lenye maana ya wahuni akiwazungumzia wachezaji wake. Akaomba radhi, akasema ulimi uliteleza, alikusudia neno linalofanana nalo, lenye maana ya konokono. Lakini watu wazima wakishaacha kukuamini, radhi haitoshi. Mwezi uliofuata akaondoka: ushindi 14, vipigo 40.

Mtaniuliza, mbona Brad Stevens alifaulu? Huyo ndiye shahidi wangu! Naye alitoka chuoni, Butler, baada ya kucheza fainali za 2010 na 2011. Alitua Celtics mwaka 2013 akiwa na miaka 36, na msimu wa kwanza akafungwa mechi 57 kati ya zilezile 82. Tofauti ni kwamba alikuja kufundisha tu, hakuja kutawala. Akaifikisha timu fainali za Mashariki mwaka 2017, 2018 na 2020. Kuongoza shughuli zote za mpira za klabu alikuja kupewa mwaka 2021, baada ya misimu minane benchini, na mwaka 2024 timu aliyoijenga ikawa bingwa.

Na msidhani vyuoni bado kuna maficho. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina yao na kuhama bila kukaa nje msimu mzima. Oktoba 2024 Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa mwaka 2019, alistaafu wiki chache kabla ya msimu kuanza, akikiri kwamba mazingira hayo mapya hayamfai. Angalau yeye alisema ukweli.

Wengine waache kusingizia saa. Kama ukocha wako unafanya kazi kwa mchezaji asiyeweza kukukatalia tu, basi ulichokuwa nacho ni madaraka, na siku yakiondoka utabaki na filimbi shingoni. Anayebisha alete hoja.