Fort Jesus: Tuwapeleke Watoto Wakazingatie, Si Wakajisifu



Ndugu zetu wazazi, kila zinapokaribia likizo za skuli huwa tunaulizwa: watoto tuwapeleke wapi penye faida? Jibu letu ni lile lile, wapelekeni Fort Jesus, pale Mji wa Kale wa Mombasa, ambapo ngome ya Wareno imekuwa makumbusho ya historia ya pwani yetu tangu miaka ya 1960. Na kila tukijibu hivyo hupingwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza husema ile ni nyumba ya waliokuja kuupiga vita Uislamu, na hata jina lake ni lao, basi mtoto wetu akafuate nini? Wa pili hufurahi kupita kiasi, kwa kuwa wanataka mtoto akaone "tulivyowatimua" Wareno, basi. Kwa maoni yetu, wote hawa wanamnyima mtoto somo.

Tuanze na wale wa kwanza. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aala) ametuamrisha mara nyingi katika Qur-aan tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Hakutuambia tutazame majumba ya watu wema peke yao. 'Aad, Thamuud na Fir'awn wametajwa ili tuzingatie. Ama hilo jina, Nabii 'Iysa ('Alayhis-salaam) ni Mtume wetu tunayemwamini, na jina lake halimdhuru Muislamu.

Tena mtoto asiyepelekwa atadhani historia yetu imeanza na Wareno. Aelezwe kabla ya kufika mlangoni kwamba Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akawakuta watu wa dini wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Aonyeshwe pia Msikiti wa Mandhry, hapo hapo Mji wa Kale, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Kwa hiyo adhana ilitangulia mizinga.

Sasa tuwageukie wale wa pili, wanaotaka kujisifu. Tuwaulize: Mreno aliwezaje kuweka mguu Mombasa? Hakuwa na nguvu za mizinga tu. Aliwakuta Waislamu wa Malindi na Waislamu wa Mombasa wakihasimiana. Malindi ikampokea Vasco da Gama mwaka 1498 na ikaendelea kuwa rafiki wa Wareno, na Mombasa iliposhindwa, mtawala wa Malindi ndiye aliyepewa kuitawala. Urafiki huo ulimfikisha wapi? Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na wakubwa wa ngome, na mwaka 1614 akauawa.

Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alikuwa mtoto mdogo. Alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kuitwa Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa akiwa kijana ili atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno na kutangaza kurejea katika Uislamu. Wazazi wengi husimulia kisa hiki na kuishia hapo, kwa fahari. Lakini siku zile waliuawa pia Wakristo wa mji, wakiwemo wanawake na watoto. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuuawa wanawake na watoto hata vitani. Tukimficha mtoto jambo hili, tumemfundisha kwamba dhulma ni mbaya ikifanywa na wengine tu. Na Qur-aan imetutaka tusimamie uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu.

Juu ya mlango wa ngome kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, la mwaka 1639. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu humo kwamba ameitengeneza upya ngome na kuwatiisha watu wa pwani, na kwamba ameiadhibu miji ya Pate na Siyu. Mwambieni mtoto asimame alitazame vizuri. Haikupita miaka sitini, ngome ikazingirwa na majeshi ya Oman kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani wakamalizwa zaidi na maradhi na njaa. Merikebu ya Santo António de Tanna, iliyotumwa kuwasaidia, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa baharini baada ya miaka 280 vimewekwa humo ndani vikitazamwa na watoto wa skuli. Huo ndio mwisho wa majivuno.

Je, baada ya hapo kulikuwa na amani? Mazrui walijitenga na Mabusaidi katika karne ya 18, Waislamu kwa Waislamu, wa qibla kimoja, hadi Sayyid Said bin Sultan alipoichukua Mombasa mwaka 1837. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza ngome hiyo jela, na ikabaki jela hadi mwaka 1958. Na kwa muda mrefu watumwa waliendelea kuuzwa na kutumikishwa katika pwani hii, na wengi wa waliowamiliki walikuwa watu wetu. Utumwa haukuondolewa katika sheria za pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Hili nalo lisemwe. Wajukuu wa waliotumikishwa tunasimama nao safu moja msikitini, na kulinyamazia si heshima kwao.

Ndugu wazazi, faida ya ziara hii haiji kwa kukata tiketi, kupiga picha juu ya mzinga na kurudi. Sisi tunashauri mambo matatu. Kwanza, jioni moja kabla ya safari, baba au mama awakusanye watoto awasimulie japo kwa ufupi, ili wakifika wajue wanachokiona. Pili, kila mtoto apewe daftari na maswali machache: Nani alijenga, na kwa nini? Nani aliumia? Nini kiliwaangusha waliokuwa na nguvu? Tatu, na hili ndilo kubwa, wakirudi wakae na babu na bibi wawaulize ya kwao, kisha wayaandike.

Tunasisitiza kuandika kwa sababu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa zama za Mazrui, tunayo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua alijishughulisha kuyakusanya na kuyahifadhi. Washairi wangapi wa zama zake wamepotea na maneno yao kwa kukosa mtu kama huyo? Majumbani mwetu mna misahafu ya mkono, barua na hati za ndoa zinazoliwa na mchwa ndani ya masanduku, na wenye kujua habari zake wanatutoka mmoja mmoja. Yule kapteni alichonga habari zake katika jiwe, na hadi leo tunazisoma. Habari za waliopigwa hazikuchongwa popote, na sisi tusipoziandika watoto wetu watarithi maneno ya kapteni peke yake.

Basi likizo ijayo tusiiache ipite bure. Twende nao, tuwaambie ukweli wote, mtamu na mchungu, kisha tuwape kalamu.

Wabillaahi tawfiyq.