Saa 8 za dereva wa lori ni za karatasi tu

Ukipita Emali au Mtito Andei usiku, cheki malori yaliyopaki kando ya barabara, dereva amelala humo humo ndani. Sasa sikiza: sheria ya trafiki ya Kenya inampa saa 8 tu za kuendesha kwa siku. Kwenye Umoja wa Ulaya, kawaida ni 9. Ati tumewashinda! Lakini kule kuna mtambo ndani ya lori unaorekodi kila saa, na kampuni nayo hubeba lawama. Huku saa zinahesabiwa na tajiri kwa simu: "Umefika Kibwezi? Mzigo unangojwa Kitui!" Ajali ikitokea pale Salama, wa kwanza kuulizwa ni dereva. Wewe unayepanda matatu barabara hiyo hiyo, dai tajiri aulizwe pia.