Mnalia Kuibiwa Nyimbo, Mbona Kompyuta Zenu Zina Window ya Wizi?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye kila akikaa kwenye mahojiano lazima alie na maharamia. Nyimbo zake zinajazwa kwenye flashi na kuuzwa mitaani, zinapakuliwa bure kwenye visaiti vya uchochoroni, yeye haambulii hata senti. Kilio chake ni cha haki kabisa. Kuimba ni kazi, na kazi ya mtu hulipwa.

Sasa nenda kwenye studio anayorekodia. Chini kulia kwenye skrini kuna yale maandishi ya kijivu yanayokumbusha kwamba Windows hiyo haina leseni. Programu ya kutengenezea biti imekrakiwa. Vinanda na ngoma za kidijitali zimekrakiwa pia. Albamu anayoililia imepikwa kwa vyombo vya wizi kuanzia sufuria mpaka mwiko, na hapo hakuna anayetoa chozi. Mhandisi aliyeandika ile programu naye ana kodi ya nyumba na ada za watoto, jamani!

Halafu yuko dada mmoja maarufu wa Instagram, naye jina kapuni, balozi wa mazingira wa kujitegemea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, hakosi kikapu cha ukindu mkononi. Safi sana. Ila ilipofika tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10, akaibwaga laptopu nzima isiyo na hata mkwaruzo na kuposti mpya ikiwa bado ndani ya boksi. Mashabiki wakajaza mioyo. Hakuna aliyeuliza ile ya zamani ilikuwa na kosa gani.

Kosa lake ni kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine ya 2015 inaweza kuwa nzima, kioo kizima, kibodi nzima, na bado ikaambiwa haifai. Kulikuwa na nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa waliojiandikisha, lakini hiyo ni kusogeza kaburi mbele tu.

Dawa ya mastaa hawa wote wawili iko, inaitwa Linux, na ni ya bure kihalali. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuichungulia ndani na kuibadilisha. Ukimpa jirani nakala, hujamwibia mtu. Na wanaodai kwamba ni mambo ya maprofesa waangalie simu zao za Android, maana zote zimejengwa juu ya moyo wa Linux. Wanaitumia wakiwa kitandani kila usiku, hawajui tu.

Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake maarufu, ilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile lile neno letu: utu. Mwaka huo huo, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu. Hakuna aliyesubiri kampuni ya mbali iamue kama Waswahili ni soko lenye faida.

Utetezi wa mastaa unajulikana: "Linux haina programu za kazi." Kuna ukweli ndani yake na usifichwe. FL Studio, inayopendwa na maprodyuza wengi wa Bongo, haina toleo la Linux. Photoshop nayo hivyo hivyo. Lakini Ardour ipo. Reaper ipo, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, pesa ambayo staa wa video za magari ya kukodi hawezi kusema hana. Kwa picha na filamu kuna GIMP, Kdenlive na Blender. Flow, filamu ya katuni kutoka Latvia iliyobeba Oscar ya filamu bora ya katuni Machi 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure inayofanya kazi vizuri tu kwenye Linux. Oscar imepatikana, halafu mtu aliyekwama kwenye kava la singo anasingizia vifaa?

Na kama kweli kazi haiwezi kwenda bila FL Studio, basi inunuliwe. Zipo njia mbili za heshima: lipia kinachouzwa, au tumia kilichotolewa bure. Hiyo ya tatu, ya fundi kupiga window kwa buku kumi na kuacha kraki ndani, ndo ile ile inayomliza staa kwenye mahojiano. Tena ina adhabu yake. Kraki nyingi zinakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na ni njia maarufu ya kuingiza vile virusi vinavyofunga mafaili yote na kudai fidia. Wapo waliopoteza miaka ya kazi kwa kukwepa dola 60.

Upande wa dada wa kikapu ndo mzito zaidi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Betri za vifaa hivyo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, maeneo ya Kolwezi na Likasi. Watu wa kule wanaongea Kiswahili. Wapo wanaoshuka mashimoni kwa sururu na tochi, na watoto wameonekana wakiosha na kupepeta mawe. Ukinunua laptopu mpya wakati ya zamani ni nzima, bili hiyo inatumwa kwa ndugu anayeweza kukusalimia "jambo" bila mkalimani. Kikapu cha ukindu hakifuti hilo deni.

Ile laptopu ya 2015 ikiwekewa Linux Mint inaamka tena. Inafungua intaneti, inaandika barua kwa LibreOffice, inacheza muziki na filamu, na inapata masasisho ya usalama bila kumlipa mtu. Mtoto wa kidato cha pili angeifurahia kuliko zawadi yoyote. Kuijaribu ni kuiweka kwenye flashi na kuwashia kompyuta humo, bila kugusa kilichomo ndani. Isipokupendeza, unachomoa. Ukiipenda, hifadhi mafaili yako pembeni kwanza, ndo uisimike. Printa inaweza kusumbua siku ya kwanza, na baadhi ya magemu ya mtandaoni yatagoma. Hiyo ndiyo bei yenyewe, na ni ndogo.

Mastaa wana nguvu hii nchini: wakivaa kiatu, mtaa unavaa. Wakionyesha laptopu ya mtumba inayopiga mzigo kwa Linux, vijana elfu wataacha kuona aibu ya mashine zao kuukuu. Wakiendelea kuringia maboksi mapya na kulia na maharamia huku wenyewe ni maharamia wa chumbani, basi wasishangae shabiki akipakua nyimbo zao bure. Amejifunza kwao.

Haya wadau, kompyuta ya nyumbani kwako ina window ya halali, ya fundi, au umeshahamia Linux? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.