Mbu wa mchana hana adabu!

Wiki hii namsema mbu. Siyo yule wa usiku wa malaria, huyo tunamjua. Namsema yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, Aedes aegypti, anayekung'ata mchana kweupe umekaa zako kijiweni.

Huyu ndiye anayeeneza chikungunya. Msidhani jina ni la Kizungu, ni Kimakonde! Linasema habari ya kukunjika, maana mgonjwa hupinda kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ulitambuliwa huko Newala, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952 na 1953.

Porini kirusi chake huzunguka kati ya nyani, kima na mbu wa msituni. Kikiingia mjini hakina haja ya kima tena: mbu anakitoa kwako, anampelekea jirani. Mwaka 2004 kiliwaka Lamu, na uchunguzi ukaonyesha karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mwaka uliofuata kikavuka bahari hadi Komoro na Réunion.

Kinachoniudhi ni hiki: homa kidogo tu, mtu mbio duka la dawa kununua dawa ya malaria. Kapime kwanza, bwana! Dawa hiyo haigusi kirusi. Chikungunya haiui mara nyingi, lakini viungo vinaweza kuuma miezi kibao, muziki ukausikia kwa mbali.

Na chandarua cha usiku hakikulindi mchana. Mbu huyu huzaliana hapo hapo nyumbani: pipa lisilofunikwa, tairi bovu, kopo la maua. Funika, mwaga. Usingoje bwana afya aje kukubishia hodi.

Haya, tukutane wiki ijayo!