Pawa saplai ikifa, kompyuta nzima nayo ikazikwe?

Najua wengine mnasoma hapa huku dakika zinahesabika kwenye kona ya skrini, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa bure wa Windows 10. Wengi waliichukulia kama habari ya wazungu na maofisi yao. Mimi naiona kama habari ya Kariakoo. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Sasa ofisi ya Ulaya yenye mashine mia nne za kizazi cha nne itafanya nini? Inazitoa. Zinauzwa kwa jumla, zinapanda meli, na sehemu yake inashukia kwetu: vile vikasha vyembamba vyeusi vya Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Chungulia chini ya meza uliyokaa sasa hivi, huenda goti lako linagusa kimojawapo.

Sio mashine mbaya jamani, nisieleweke vibaya. Zilijengwa kwa ajili ya maofisi, ni ngumu, hazina makelele, na ukiweka Linux zinadunda miaka mingine kadhaa. Tatizo linaanza siku umeme unapokatika halafu unarudi kwa kishindo. Mashine imezima, hakuna taa, hakuna feni. Fundi anafungua, anapima, anakwambia pawa saplai imekufa. Unashusha pumzi, maana pawa saplai mpya ziko kila duka. Unanunua, unarudi, unataka kuchomeka. Haiingii.

Hapo ndo kisa chenyewe.

Kompyuta ya kawaida ya mezani inafuata utaratibu unaoitwa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995. Kichwa kikubwa cha waya zinazoingia kwenye madhabodi kilikuwa na pini 20, baadaye zikawa 24. Rangi zinajulikana kwa kila fundi: njano volti 12, nyekundu volti 5, chungwa volti 3.3, nyeusi hasi, zambarau volti 5 za akiba zinazokuwepo hata mashine ikiwa imezimwa, kijani ndiyo ya kuamsha. Ukijua hivyo unaweza kununua pawa saplai ya kampuni yoyote. Sasa fungua OptiPlex 9020 ya mwaka 2013: kichwa kikubwa kina pini 8. EliteDesk 800 G1: pini 6. ThinkCentre M93: pini 14. Kampuni tatu, mashine za umri mmoja, prosesa za aina moja kutoka kiwanda kimoja, na vichwa vitatu visivyoingiliana hata kimoja.

Wapo wanaosema ni ujanja tu wa kuuza vipuri. Mimi nasema nusu ni kweli. Tuwape haki yao kwanza. Ule utaratibu wa 1995 unaitaka pawa saplai itengeneze volti 12, volti 5 na volti 3.3 zote yenyewe, na siku hizi karibu kazi yote nzito ya kompyuta inatumia volti 12. Kutengeneza volti 12 peke yake, halafu madhabodi ikajipunguzia yenyewe pale inapohitaji, kunapunguza umeme unaopotea na waya zinazojazana ndani ya kasha. Kwa kasha jembamba hiyo ni hoja nzito. Na Intel yenyewe ilikuja kukubali: mwaka 2019 ikatoa utaratibu wa volti 12 tupu, ATX12VO, wenye kichwa cha pini 10.

Lakini angalia hapo. Wazo la volti 12 lilikuwa sahihi. Kwa nini basi wasikae meza moja wakakubaliana kichwa kimoja? Umeme hausemi uwe na pini 6 au 8 au 14. Hilo la pini ni uamuzi wa watu, na watu hao wanajua kabisa kwamba mashine itaishi kuliko waranti yake.

Na kuna kisa cha zamani kibaya kuliko hiki. Kuanzia mwaka 1998 Dell ilitumia kwenye mashine zake kichwa kilekile cha pini 20 cha ATX, umbo lilelile, kinaingia vizuri kabisa. Ila waya ndani walizipanga kivyao. Volti 3.3 hazikuwemo kwenye kichwa kikubwa, zilihamishiwa kwenye kichwa cha pembeni cha pini 6. Ukichukua pawa saplai ya kawaida ukachomeka, kinaingia, kinabana, unawasha, unaunguza. Baada ya miaka michache walirudi kwenye mpangilio wa kawaida, lakini mashine zilizoungua hazikurudi. Kwa kipimo hicho, pini 6 au 8 za leo ni uungwana! Angalau zinakataa mlangoni.

Sasa tuje kwenye dawa. Wachina wamejaza pengo: kuna vijiwaya vya kuunganisha, upande mmoja kichwa cha pini 24, upande wa pili pini 8, 6 au 14. Unavikuta mtandaoni, na baadhi ya mafundi wa mjini wanavyo droo nzima. Kwa macho ni waya tu, na ndiyo maana watu wanadhani wanaweza kujikatia na kujiungia wenyewe. Taratibu.

Pawa saplai ya kawaida inatoa akiba ya volti 5. Mashine nyingi za hizi za volti 12 tupu zinataka akiba ya karibu volti 12. Hiyo ni tofauti ya umeme wenyewe, haitatuliwi kwa kubadilisha nafasi ya waya. Kwa hiyo kijiwaya kizuri kina kibodi kidogo katikati, kimefunikwa na plastiki nyeusi, kinachopandisha volti 5 kwenda 12. Kama cha kwako hakina hicho kidude na mashine yako inakihitaji, utabonyeza swichi mpaka kidole kiote sugu. Halafu piga hesabu ndogo. Akiba ya volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10. Ukipandisha kwenda volti 12 huwezi kupata hata ampea 0.83, na hapo bado hujatoa kinachopotea njiani. Zile pawa saplai za bei ya kutupa zilizoandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa, soma mstari wa akiba kwenye kibandiko chake kabla ya kutoa hela.

Kuna mengine mafundi wachanga wanayakosea. Kwenye mashine nyingi za namna hii hadi diski inapata umeme kutoka kwenye madhabodi. Basi iache hapohapo, usianze kuichomekea waya za pawa saplai mpya kwa sababu tu umeziona zinaning'inia. Kichwa kidogo cha pini 4 cha prosesa mara nyingi ni cha kawaida, hicho chomeka. Na kabla kitu chochote hakijagusa madhabodi, chukua mita upime kila tundu la kijiwaya, pawa saplai ikiwa peke yake mezani. Dakika tano tu. Pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa: ndani umeme wa ukutani wa volti 230 unageuzwa kuwa kama volti 325, na kapasita zinaweza kuubakiza hata baada ya kuchomoa.

Halafu ukubwa. Pawa saplai ya kawaida haienei kwenye kasha jembamba. Nimeshaona kwenye kafe moja mashine nne mfululizo, makasha wazi, pawa saplai zimelazwa juu ya meza kama utumbo umetoka nje, waya zinapita katikati ya miguu ya wateja. Zinafanya kazi, sikatai. Mwenye kafe akaniambia ada ya shule ya mwanawe wa kidato cha pili inatoka kwenye mashine hizo. Nani wa kumlaumu? Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: utumbo nje, au kuuza mashine nzima kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu. Mimi ningefanya kama yeye, ila ningeitafutia sanduku la mbao lenye matundu.

Na pini angalau zinaonekana. Kuna kufuli ambazo huzioni. Baadhi ya laptopu za ThinkPad na HP za miaka ya nyuma zina orodha ndani ya BIOS ya kadi za waifai zinazoruhusiwa. Weka kadi nzima, mpya, inayoingia vizuri, mashine inagoma kuwaka. ThinkPad inaandika kosa namba 1802 na inakaa hapo. Chaja za Dell za duara zina sindano katikati. Kazi yake ni kuiambia laptopu "mimi ni wati kadhaa". Sindano ikikatika, au chaja ikiwa ya mtaani isiyo na chipu hiyo, laptopu inawaka lakini betri haijai na prosesa inapunguzwa mwendo. Umeme upo wa kutosha, kinachokosekana ni utambulisho. Hapo wahuni wa mjini wanakuuzia betri mpya bure.

Mtasema siku hizi kuna sheria. Ndiyo, zipo, na zisomeni vizuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vitu, nchi wanachama zikatakiwa kuanza kuitumia tarehe 31 Julai 2026. Ina mashine za kufulia, friji, simu, tableti, hata seva. Kompyuta ya mezani haimo kwenye orodha. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayozuia kampuni kutumia programu kukataa vipuri, lakini kipengele hicho kinahusu vifaa vilivyotengenezwa baada ya 1 Januari 2025. Mashine tunazoletewa sisi ni za 2013, 2014, 2016. Sheria ya huko inamlinda mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa pili, ambaye ni wewe na mimi, kwenye maandishi hayo hatumo.

Sisi tunakumbukwa kwenye karatasi nyingine. Kuanzia 1 Januari 2025 mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisivushwe mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Hiyo ni nzuri, dampo letu limeshajaa. Ila mashine nzima inayowaka inaingia kama bidhaa, halafu inageuka taka ikiwa mikononi mwetu, kwa kukosa tu kijiwaya cha pini 8. Gharama ya kuitupa inabaki ya nani?

Kwa maoni yangu, dawa ya karibu kuliko sheria ya Ulaya ni muuzaji wa hapa. Anayeleta kontena la mashine mia tatu za aina moja anajua pini zake. Alete na vijiwaya hamsini, na pawa saplai za akiba zilizotolewa kwenye zile zilizokufa. Wewe mnunuzi ukienda dukani usiishie kuuliza ram na hadi diski. Omba wafungue kasha, hesabu pini za kichwa kikubwa, andika namba ya modeli, halafu uliza kijiwaya chake kinapatikana wapi. Asipojua, shusha bei, au nenda duka la pili.

Na msidhani mzigo huu umeshapita wote. Kwa mtu binafsi Microsoft iliongeza muda wa Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, na kampuni zikapewa nafasi ya kulipia nyongeza hadi Oktoba 2028. Maana yake kuna maofisi ambayo hayajatoa mashine zao bado.